Moto Uletao Baridi: Safari ya Gari-Nyumba Kutoka Bonde la Mauti Hadi Kipito cha Tioga

Upande wa mashariki wa jimbo la California, nchini Marekani, ipo njia ambayo humtoa mtu mahali palipo chini kuliko bahari na kumpandisha hadi mahali ambapo theluji hufunga barabara kila mwaka. Njia hiyo huanzia Badwater, katika Death Valley, yaani Bonde la Mauti, mita 86 chini ya usawa wa bahari. Huishia katika kipito cha Tioga, mita 3,031 juu ya usawa huo, penye lango la mashariki la hifadhi ya Yosemite. Kati ya ncha hizo mbili ni mwendo wa kilomita zipatazo 400.

Miongoni mwa wanaoipita njia hiyo wamo wasafiri wengi wa magari-nyumba, yaani magari makubwa yenye vitanda, jiko, choo na friji ndani yake. Wengi wao ni wastaafu, na kati ya wastaafu hao wapo askari waliomaliza utumishi wao. Baadhi ya kambi za jeshi la Marekani hata zimetenga viwanja vya kuegesha magari ya namna hiyo kwa ajili ya askari, wastaafu na jamaa zao. Watu hao hubeba nyama, maziwa na mboga za siku kadhaa. Wengine, kwa kuwa umri umesogea, hubeba pia dawa, na hasa insulini ya wagonjwa wa kisukari. Kwa hiyo friji inapolegea katikati ya jangwa, jambo hilo si la kinywaji vuguvugu tu.

Friji ya gari-nyumba ni tofauti na ile ya nyumbani. Haina mota wala pampu. Ilibuniwa mwaka 1922 na vijana wawili wa Kiswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters, walipokuwa wanafunzi katika chuo cha ufundi cha Stockholm. Ndani ya mabomba yake yaliyofungwa kabisa mna maji, amonia na haidrojeni. Moto mdogo wa gesi huchemsha mchanganyiko wa maji na amonia. Mvuke wa amonia hupanda juu, hupoa katika mabomba ya nyuma na kuwa kimiminika. Kisha hukutana na haidrojeni, hugeuka mvuke tena, na katika kugeuka huko hunyonya joto lililomo ndani ya friji. Mwishowe amonia hunywewa na maji na kurudi chini kwenye moto, na mzunguko huanza upya. Ndivyo moto unavyozaa baridi.

Mzunguko huo hutegemea mambo manne: hewa ya kupoza mabomba ya nyuma, gari kusimama sawasawa, mwali safi, na gesi ya kutosha. Njia ya kutoka Badwater hadi Tioga huyajaribu yote manne, moja baada ya jingine.

Jaribio la kwanza ni joto. Karibu na Badwater ndipo palipo Furnace Creek, ambapo tarehe 10 Julai 1913 palipimwa joto la nyuzi 56.7 za Selsiasi. Hata mwezi Septemba, joto la mchana hufika nyuzi 40 na kuzidi. Watu wa kabila la Timbisha Shoshone, ambao bonde hilo ni kwao tangu zamani, walikuwa na desturi ya kuhamia milimani wakati wa kiangazi; mgeni wa leo huja na friji na kudhani amelishinda jua. Lakini friji hutoa joto ndani na kulitupa nje kwa nyuma. Ikiwa huko nyuma hewa ni ya moto na haitembei, joto halina pa kwenda, nayo amonia haigeuki kimiminika upesi.

Dawa yake si kuongeza moto. Msafiri mwangalifu huliegesha gari ili ubavu wenye friji uwe kivulini wakati wa alasiri. Hufungua kifuniko cha nje na kuhakikisha kwamba matundu ya hewa ya chini na ya juu hayakuzibwa na vumbi, majani au kiota cha ndege, kwa maana hewa baridi huingia chini na hewa ya moto hutokea juu. Wengine hufunga feni ndogo huko nyuma ili kuisukuma hewa hiyo. Tena huiwasha friji tangu jioni ya kuamkia safari, kwani huchukua nusu siku na zaidi kupoa, wala hawaijazi chakula chenye moto. Mlangoni hubana kipande cha karatasi. Karatasi ikichomoka bila kushikwa, mpira wa mlango umechoka na joto linaingia hapo.

Jaribio la pili ni mteremko. Kutoka bondeni barabara hupanda hadi Towne Pass, mita 1,511, kisha hushuka ghafla katika bonde la Panamint na kupanda tena. Njiani kuna mahali pengi pa kusimama na kutazama milima ya rangi, na pengi ni pa kuinama. Gari likiwa mwendoni, kuyumba kwake hakuidhuru friji sana, maana vimiminika hurudi mahali pake. Madhara huja gari linaposimama upande kwa saa kadhaa. Kwa kuwa ndani hamna pampu, maji na amonia hurudi kwa uzito wake tu. Mabomba yakilala vibaya, kimiminika hutuama, mzunguko hukatika, na chungu cha kuchemshia huweza kuunguzwa kiasi cha kuharibika moja kwa moja. Pimamaji ya fundi mwashi, ikiwekwa ndani ya friji kwenye sakafu yake, hutosha kuonyesha hali. Vibao viwili vya kuweka chini ya magurudumu huokoa mtambo wa bei kubwa.

Baada ya kupita ziwa Owens, ambalo lilikauka baada ya maji ya mto wake kuelekezwa Los Angeles kwa mfereji uliofunguliwa mwaka 1913, msafiri hufika katika mji mdogo wa Lone Pine. Magharibi yake husimama mlima Whitney, mita 4,421. Hapa joto limepungua, na viwanja vya kuegesha vyenye umeme hupatikana. Ndipo mahali pafaapo kufanya uchunguzi mkuu, ambao hauhitaji kifaa chochote isipokuwa kipimajoto.

Friji nyingi za namna hii hutumia gesi au umeme. Mtambo wa baridi ni ule ule. Kinachobadilika ni chanzo cha moto. Basi friji ichomekwe kwenye umeme usiku kucha, gari likiwa limenyooka, na kipimajoto kiwekwe ndani ya glasi ya maji katika rafu ya kati. Asubuhi, kipimajoto kikionyesha nyuzi 4 au chini yake, mtambo ni mzima, na kosa liko upande wa gesi. Ikiwa hata kwa umeme haipoi, hakuna sababu ya kugusa gesi. Kosa li katika hewa ya nyuma, katika mpira wa mlango, au katika mtambo wenyewe. Wengi hupoteza fedha kwa kubadilisha vitu kabla ya kufanya jaribio hili.

Kosa likiwa upande wa gesi, hutafutwa kwa utaratibu. Kwanza mtungi: je, gesi ingalimo? Meko yote yakiwashwa pamoja na mwali ukanywea, huenda mtungi unakwisha au regyuleta, yaani kifaa kinachopunguza nguvu ya gesi itokayo mtungini, imechoka. Kisha mwali wenyewe hutazamwa kutoka nje. Mwali mzuri ni wa buluu, umetulia na unavuma kidogo. Mwali wa manjano unaochezacheza una upungufu wa hewa, nao huacha masizi. Masizi hujaa katika dohani, na juu ya kile kipande cha chuma kilichosokotwa kinachoning'inia ndani yake ili kulizuia joto lisikimbie. Pengine kutu huanguka kutoka juu na kulala juu ya kichomeo. Pengine buibui hutanda utando ndani ya mrija wake.

Kazi ya kusafisha hufanywa gesi ikiwa imefungwa na chuma kikiwa kimepoa. Dohani hupigwa brashi, kichomeo hupulizwa vumbi. Lakini kile kitundu chembamba cha kutolea gesi kisichokorwe kwa sindano wala waya, kwa kuwa kikipanuka kidogo tu kipimo cha gesi huharibika. Hulowekwa katika spiriti na kukaushwa, au hubadilishwa. Viungo vilivyofunguliwa hupakwa povu la sabuni ili kuona kama gesi inavuja, na kamwe havichunguzwi kwa kiberiti. Asiyezoea kazi hii amwite fundi wa gesi.

Zipo dalili mbili ambazo humaliza ubishi. Harufu kali ya amonia, au ungaunga wa manjano kwenye mabomba ya nyuma, ni alama kwamba mtambo umetoboka. Hapo friji huzimwa, madirisha hufunguliwa, watoto hutolewa nje. Hakuna kutengeneza tena njiani. Vilevile mwali mchafu huweza kutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu ambayo huua watu usingizini. Kwa ajili hiyo kengele ya kuitambua hewa hiyo huwekwa karibu na vitanda. Tena kila linapofika kituo cha petroli, mwali wa friji huzimwa kabla ya gari kuingia.

Jaribio la mwisho ni kimo. Kutoka Bishop, kama mita 1,260, barabara hupanda kwa nguvu kuelekea kaskazini hadi Lee Vining, zaidi ya mita 2,000, kando ya ziwa Mono lenye minara ya chokaa nyeupe. Watengenezaji wa friji hizi huonya kwamba kuanzia mita 1,700 hivi gesi huanza kuungua vibaya. Hewa imekuwa nyembamba. Gesi itokayo ni ile ile, lakini hewa ya kuichoma imepungua. Katika kipito cha Tioga, kanieneo ya hewa ni kama asilimia 70 ya ile ya pwani. Mwali hulegea, hugeuka manjano, hata huzimika wenyewe. Basi hutokea jambo la ajabu: nje watu wamevaa makoti, na ndani ya friji maziwa yanaharibika.

Kosa hilo si la fundi wala la mtambo, na kuongeza nguvu ya gesi hulizidisha. Linalofaa ni kuchomeka umeme pale unapopatikana, na kuipoza friji vizuri kabla ya kuanza kupanda. Mwenye insulini hupaswa kujihadhari zaidi. Chupa ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikishikwa na joto hupoteza nguvu, na mara nyingi sura yake haibadiliki, hata mgonjwa akaitumia bila kujua. Ikiganda huharibika vilevile; ndiyo sababu haiwekwi ikigusana na barafu.

Watu wa zahanati za mbali katika Afrika ya Mashariki watalitambua jambo hili, kwa maana friji za mafuta ya taa na za gesi zilizotunza chanjo kwa miaka mingi zilifanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Mhudumu alisafisha utambi, alikwangua masizi, aliinyoosha friji kwa vipande vya mbao, na aliandika kipimo cha joto asubuhi na jioni.

Hilo la kuandika ndilo linaloweza kuigwa na kila msafiri wa njia ile. Kabla ya kuondoka Lee Vining kwa mwendo wa mwisho wa kilomita 19 hadi kipitoni, kipimajoto husomwa. Kikiwa kimepita nyuzi 4, barafu hununuliwa mjini, dawa hutiwa katika sanduku lake ikiwa imefungwa kwa kitambaa, na nyama na maziwa yaliyokaa katika joto hilo zaidi ya saa mbili hutupwa. Ndipo gari lianze kupanda.