Alama ya Mdeki

Mwaka 1962, nikiwa na umri wa miaka 11, nilikuwa nikimsaidia mjomba wangu kulinda shamba la mihogo na mahindi hapa Chinongwe. Mjomba alikuwa amepigana Burma mwaka 1944 katika jeshi la KAR, lakini nyumbani hakuwa na silaha ila gobore kuukuu.

Usiku mmoja tulisikia nguruwe pori wakivunja mahindi. Akaniambia nishindilie. Nikamimina baruti kwa kipimo, nikatia tambara, kisha risasi, nikasukuma kwa mdeki mpaka ukakaza. Hakulipeleka begani. Alishika mdeki ukiwa bado mtutuni, akaupapasa gizani.

"Mpwa wangu, alama iko wapi?"

Mdeki ule ulikuwa na mkato wa kisu. Risasi ikikaa sawasawa juu ya baruti, mkato hulingana na mdomo wa mtutu. Wangu ulikuwa juu kwa vidole vinne. Risasi imekwama njiani. Risasi ikiachana na baruti namna hiyo, mtutu waweza kuvimba au kupasuka mbele ya uso wa mpigaji. Tulishindilia upya, polepole, na nguruwe wakala walichokula.

Asubuhi mjomba akanieleza jambo lililonitatiza. Kule Burma mambo yalikuwa kinyume: risasi ya kiwandani ambayo kichwa chake kimedidimia ndani ya ganda hawakuithubutu.

Sababu niliielewa baadaye, nikiwa chuo cha ualimu. Ndani ya ganda baruti huungua katika nafasi ndogo. Kichwa kikizama zaidi, nafasi hupungua na shinikizo la gesi hupanda. Kasi ya risasi huongezeka kidogo tu, lakini hatari huongezeka sana. Tena kichwa kikitokeza mno hata kikagusa mikato iliyomo ndani ya mtutu, shinikizo hupanda vilevile, kwa kuwa hakipati nafasi ya kuanza mwendo. Ndiyo maana wanaojaza risasi zao wenyewe hupima urefu wake kwa sehemu ndogo za milimita. Baruti ni ileile, risasi ni ileile. Kinachobadilika ni mahali ilipokaa. Na kanuni ya bunduki moja haihamishiwi nyingine.

Ndugu msomaji, somo hilo nililijua, nami nikalisahau. Nikiwa mwalimu mkuu nilimbana kijana mmoja mtoro, akatulia na kufaulu. Mwaka uliofuata nikambana mwingine kwa ukali uleule. Huyu alikuwa mkimya, na nyumbani kwao, kama nilivyokuja kusikia, alikuwa amekwisha kubanwa vya kutosha. Aliondoka kabla ya mitihani, asirudi.

Mjomba alikuwa na giza na nguruwe shambani, bado akapapasa alama kwanza. Mimi nilikuwa na mchana kutwa, na sikumwuliza kijana yule hata swali moja.