Kapita na Ndoo ya Maji

Kila mwaka mwezi wa Septemba, shule zetu za Butembo na za Beni zifunguapo milango, kila darasa humchagua kapita wake. Wenzetu wa Kenya na wa Tanzania humwita kiranja. Kazi yake yajulikana: kugonga kengele, kukusanya madaftari, kuandika majina ya wapiga kelele mwalimu atokapo. Wako wazazi wanaofurahi mtoto wao akichaguliwa, kama kwamba amepewa cheo serikalini. Na wako watoto ambao tangu siku ile hubadili hata mwendo wao. Wengine hununua filimbi.

Nimefundisha miaka kumi na zaidi, nami nimejiuliza mara nyingi kama ukapita huo humkuza mtoto kweli, au humvimbisha tu. Jibu nililolipata si fupi, tena halikutoka katika vitabu vya ualimu.

Kwanza yafaa kusema wazi jambo moja. Kwetu utumishi umepewa jina baya, na sisi walimu tumo kati ya waliolichafua. Katika shule nyingi, mtoto aliyechelewa hupewa fagio. Asiyejua somo lake hutumwa kuchota maji. Aliyepigana hukata majani ya uwanja. Mtoto akiyaona hayo miaka sita mfululizo, atajifunza nini? Atajifunza ya kuwa fagio ni aibu, na ya kuwa mtu mwema ni yule asiyeshika ndoo. Wazee wetu nao walionja kazi za lazima wakati wa Wabelgiji, kisha ile salongo ya wakati wa Mobutu. Hata leo ukiwaita watu kuzibua mtaro wa barabara, hakosi mzee mmoja wa kucheka na kusema, "Salongo imerudi." Simlaumu. Lakini Bwana wetu Yesu Kristu, usiku ule wa Alhamisi Kuu, alipojifunga kitambaa na kumimina maji katika beseni, hakuwa akitumikia adhabu.

Sasa nisimulie.

Tarehe 1 Agosti 2018 Serikali ilitangaza ya kuwa ugonjwa wa Ebola umeingia Mangina, upande wa Beni. Ulidumu karibu miaka miwili, hata tarehe 25 Juni 2020 ulipotangazwa kuwa umekwisha. Waliougua walikuwa zaidi ya 3,400, na waliokufa walikuwa 2,287. Katika miezi ya kwanza ya 2019 mji wetu wa Butembo pamoja na Katwa ndio uliopigwa sana. Shuleni tuliwekewa ndoo zenye bomba, maji yaliyotiwa dawa ya klorini, na mtu wa kupima homa kwa kile chombo kinachoelekezwa kwenye paji la uso. Watoto walikiogopa, maana chafanana na bastola, na katika nchi yetu bastola si mfano wa mzaha.

Kapita wa darasa la tano la sekondari mwaka ule alikuwa msichana wa miaka kumi na saba. Jina lake nalihifadhi. Alichaguliwa kwa sababu alikuwa mpole, na wenzake walidhani hataandika majina ya mtu. Alipozungumza na mkubwa alitazama chini, na sauti yake haikufika benchi la tatu.

Tarehe 26 Desemba 2018 Tume ya Uchaguzi ilitangaza ya kuwa watu wa Beni na wa Butembo hawatapiga kura pamoja na nchi nzima, bali watangoja hata Machi 2019. Sababu zilizotajwa ni Ebola na ukosefu wa usalama. Na kumbe Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari, kabla hatujachagua! Kule Beni, tarehe 30 Desemba, watu walipanga mistari wakafanya uchaguzi wao wenyewe, usio na nguvu ya sheria, na kabla ya kupiga kura walinawa mikono kwa ajili ya Ebola. Nilipenda sana kusikia hayo. Walionyesha ya kuwa mtu aweza kukasirika na kunawa siku moja. Lakini si wote walifikiri hivyo. Wengi walisema ugonjwa huu umetungwa ili watu wapate fedha na sisi tukose kura.

Basi, shule zilipofunguliwa baada ya Noeli, ndoo ya darasa la tano ilikutwa imepinduliwa, bomba limevunjwa. Wanafunzi walisema waziwazi, "Kama Ebola imetunyima kura, tunawe kwa ajili ya nani?" Mkuu wa shule alimwita kapita ataje majina. Msichana yule alitazama chini kama kawaida yake, akasema, "Mkuu, ndoo nitaitengeneza. Majina sitayatoa, maana nikiyatoa hawatanawa hata mwakani." Nadhani hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyokuwa amepata kusema ofisini.

Kesho yake alifika kabla ya kengele, na bidoni ya lita ishirini mgongoni, kamba kwenye paji la uso kama wafanyavyo mama zetu watokapo shambani. Chemchemi iko chini ya kilima. Kupanda si mchezo. Akajaza ndoo, akanawa yeye wa kwanza, akaenda benchi lake. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu wavulana walicheka. Jumatatu iliyofuata wawili kati yao walimpokea bidoni njiani, na tangu hapo wakapangana zamu. Nisiseme ya kuwa darasa lote liligeuka. Mmoja hakunawa hata siku ya mwisho ya mwaka, ila kwa kulazimishwa mlangoni, na leo bado ni kijana mwema wala hapendi kuulizwa.

Mwezi wa Februari mambo yalizidi kuwa mazito. Vituo vya kutibia wagonjwa vilishambuliwa, kwanza Katwa, kisha hapa Butembo. Wakati huohuo mvulana mmoja wa darasa lile alifiwa na shangazi yake kwa ugonjwa ule. Watu wa nyumba yao walichanjwa, wakaambiwa wafuatwe na wauguzi siku ishirini na moja. Siku hizo zilikuwa ndefu. Majirani walipita upande wa pili wa njia. Hata kuni hakuna aliyetaka kuwauzia.

Kapita alikuja kwangu, akasema, "Mwalimu, yule ana mtihani kama sisi." Kisha akafanya aliyoyafikiri mwenyewe. Alimwendea mzee wa nyumba kumi, akamwomba ruhusa. Akawaandika wenzake sita: kila jioni mmoja hunakili masomo ya siku katika karatasi, mwingine huleta kuni au mihogo, na vyote huwekwa juu ya jiwe mbele ya ua, bila kuingia wala kugusana, kama walivyoagiza wauguzi. Mvulana alisimama mlangoni akapunga mkono. Wahenga walinena ya kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wale watoto walijua sasa uzito wake, maana karatasi moja ya hesabu huchukua saa nzima kunakili. Siku ishirini na moja zikatimia, mvulana hakuugua, akarudi darasani. Alishindwa hesabu hata hivyo, lakini kwa sababu zake za siku zote.

Hapo ndipo baba yake kapita alipokuja shuleni. Ni mfanyabiashara, na wafanyabiashara wa Butembo, wasomaji mnawajua, hesabu hawaisahau. Alikuwa na karatasi ya alama mkononi. Binti yake alikuwa ameshuka kutoka asilimia 72 hadi asilimia 64.

"Mwalimu," alisema, "nalipa ada asome, au nalipa ada achote maji?"

"Baba, swali lako ni la haki," nilimjibu. "Lakini mimi sikumtuma. Muulize yeye mwenyewe."

"Nimemwuliza. Amenijibu akinitazama machoni. Hilo nalo mmelifundisha hapa?"

Sikujua kama alikasirika au alifurahi. Nadhani vyote viwili. Akamruhusu aendelee hata Pasaka, kwa sharti la kurudia masomo yake saa moja zaidi kila usiku. Na taa atawasha kwa mafuta ya baba. Mwisho wa mwaka binti alipata asilimia 69.

Natia mkazo juu ya hesabu hiyo, maana wako wahubiri wa vijana wanaopenda kusema ya kuwa mwenye kuwatumikia wengine hapotezi kitu. Si kweli. Hupoteza usingizi, hupoteza alama, mara nyingine hupoteza marafiki. Akipotezacho na akipatacho havipimwi kwa mizani moja, na mzazi aliyelipa ada ana haki ya kuambiwa hivyo kabla.

Tunaye mfano wa karibu, katika mkoa wetu huuhuu wa Kivu ya Kaskazini. Mwaka 1968, mjini Roma, mwanafunzi wa sekondari jina lake Andrea Riccardi alikusanya wenzake wachache, wakaanza kwenda vitongojini kuwafundisha watoto wa maskini. Ndiyo asili ya Jumuiya ya Sant'Egidio. Walikuwa wanafunzi tu, hawana padri wa kuwasimamia wala fedha. Miaka mingi baadaye jumuiya ile ilifika Goma, na kijana mmoja, Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa mwaka 1981, akajiunga nayo. Wakati wa masomo yake aliwatumikia watoto wa barabarani, wale wanaoitwa maibobo: aliwalisha, akawatafutia shule. Mtu angeweza kusema anapoteza wakati. Baadaye akapata kazi katika ofisi ya kukagua bidhaa mpakani. Wakamletea fedha ili aachie vyakula vilivyoharibika vipite viuzwe kwa watu. Akakataa. Mwezi wa Julai 2007 alikamatwa akauawa, naye alikuwa na miaka 26.

Baba Mtakatifu Fransisko aliwatajia vijana habari zake huko Kinshasa mwezi wa Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma, katika kanisa kubwa la Mtakatifu Paulo.

Nimefikiri sana juu ya siku ile alipowekewa fedha mezani. Nguvu ya kukataa hakuipata siku ileile. Aliyejua nani atakula chakula kile kibovu ni yule aliyekwisha kukaa chini na watoto wenye njaa, akajua majina yao. Kwa afisa mwingine, mchele ule ulikuwa magunia na karatasi. Kwake ulikuwa na vinywa. Hilo darasani halifundishiki. Mimi nimejaribu kwa chaki miaka mingi.

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, shule ikiwaita katika mkutano wa mwanzo wa mwaka, ulizeni mambo mawili. Ulizeni kapita amepewa kazi gani zaidi ya kuandika majina. Na ulizeni kama fagio ni adhabu. Shuleni kwetu tumeshaamua: mwenye kosa huadhibiwa kwa kazi ya daftari, na zamu ya maji na ya usafi hushikwa na wote, mkuu wa shule akiwamo siku ya Ijumaa. Wanafunzi hupenda sana Ijumaa hiyo, hasa kukiwa na matope.

Msichana yule sasa ni muuguzi kituoni upande wa Beni, mahali ambapo tangu mwaka 2014 watu wameuawa usiku mashambani na majumbani mwao, na wauguzi wengi wamekimbia. Yeye hajakimbia. Baba yake hupita shuleni mara kwa mara kulipa ada ya mdogo wake, aliyechaguliwa kapita Septemba iliyopita. Safari hii alikuja na bidoni mpya mbili, akaziweka mlangoni mwa ofisi, akadai risiti.