Tarakimu Mbili



Jioni moja binti yangu alinialika kutazama pamoja naye tamthilia ya Kimarekani iitwayo Better Call Saul, iliyooneshwa tangu mwaka 2015 hadi 2022. Nilikubali ili niwe karibu naye tu. Sikutegemea kukutana humo na dhambi yangu mwenyewe.

Tamthilia hiyo inasimulia habari za Jimmy McGill na Kim Wexler, mawakili wa mji wa Albuquerque. Hawaanzi wakiwa waovu. Jimmy anawahudumia wazee kwa upole, naye Kim anafanya kazi usiku na mchana. Siku moja Jimmy anachukua kwa siri hati za benki zilizo mikononi mwa kaka yake, ambaye naye ni wakili, na katika anwani anageuza 1261 kuwa 1216. Ni tarakimu mbili tu. Kaka anaaibika, na kazi ya benki inamrudia Kim. Jimmy anajiona ametenda kwa upendo.

Kim anautambua ukweli. Hata hivyo, mbele ya kaka yule anamtetea Jimmy, kisha faraghani anamwonya asiache alama yoyote nyuma yake. Naamini anguko la Kim lilianzia hapo. Baadaye wote wawili wanamchafulia jina Howard Hamlin, wakili mwenzao, ili aonekane mtumwa wa dawa za kulevya. Hawakutaka afe. Lakini Howard anakuja nyumbani kwao kuwalaumu, na humo humo anauawa na mhalifu aliyeletwa pale na shughuli nyingine za Jimmy.

Nilipoziona tarakimu zile, moyo ulinishtuka. Nilipokuwa mwalimu kijana, mwenzangu aligeuza 46 kuwa 64 katika buletini ya mwanafunzi mmoja, mtoto wa mtu aliyemfadhili. Nilikuwa nimeketi kando yake. Alinitazama, nami nikainamia madaftari yangu. Sikupokea hata faranga moja, kwa hiyo nilijihesabu kuwa sina hatia. Mwaka uliofuata mtoto yule alishindwa kuyafuata masomo, akaacha shule. Tulimpa pointi, hatukumpa elimu.

Mtakatifu Augustino anasimulia katika Maungamo yake jinsi alivyoiba matunda usiku pamoja na vijana wenzake, naye anakiri kwamba akiwa peke yake asingeiba. Nafikiri wengi wetu tunaanguka hivyo. Hatuipendi dhambi yenyewe. Tunaogopa kumpoteza rafiki.

Mwishoni Jimmy anakamatwa. Kwa ujanja wake anapata makubaliano ya kufungwa miaka 7. Kisha, Kim akiwa ameketi nyuma yake mahakamani, anasema ukweli wote na kutaka aitwe tena kwa jina lake halisi. Anahukumiwa miaka 86. Kim naye alikuwa amekwisha kuandika ungamo lake na kulipeleka kwa mjane wa Howard.

Binti yangu aliniuliza, “Papa, sasa alifaidika nini?”

Sikumjibu upesi. Nilimweleza kwanza habari ya buletini, ambayo hakuwahi kuisikia. Alinyamaza, kisha akauliza kama yule mwanafunzi yu hai bado. Yu hai. Ni mtu mzima, mwenye watoto, na nyumba yake naifahamu. Dhambi ile niliiungama zamani na kuondolewa. Lakini yeye sijamwomba msamaha, na kila tunapokutana njiani ananisalimu kwa heshima, “Mwalimu”.

Nimeahidi mbele ya binti yangu kwamba nitakwenda. Nawaombeni mnisindikize kwa sala. Nanyi, mnapotafuta dhamiri kabla ya kitubio, msiishie kuhesabu mliyoyatenda. Jiulizeni pia: ni rafiki gani ninayemnyamazia?