Mashua Chini ya Mfenesi



Safari hii sitakufundisha ngeli wala mnyambuliko wa vitenzi. Nataka nikueleze habari za mashua iliyokaa uani kwetu hapa Entebbe, chini ya mfenesi, tangu Januari hadi Julai. Ndani yake mna msamiati ambao vitabu vyako vya darasani havina. Mna pia jambo moja nililolifanya vibaya, nami nimeona afadhali ulisome kutoka kwangu kuliko ulisikie kwa majirani.

Tuliinunua mimi na shemeji yangu, kaka yake mke wangu. Mwenyewe alikuwa mgeni aliyemaliza mkataba wake wa kazi, akitaka kuondoka nchini ndani ya wiki mbili. Ni mashua ya tanga, urefu wake mita tano na nusu, imeundwa kwa faibaglasi, nayo hukaa juu ya trela la magurudumu mawili ili gari liivute hadi majini na kuirudisha nyumbani. Tuliitazama kama mtu anavyoitazama shati ya mtumba: rangi nyeupe mpya, mstari wa buluu ubavuni, tanga lililokunjwa vizuri. Tukalipa, tukapewa stakabadhi ya nusu ukurasa. Baina yetu sisi wawili hatukuandika lolote. Nani aandikiane na shemeji yake?

Usidhani kwamba mashua ya kusafirishwa nchi kavu ni jambo geni katika ziwa hili. Mnamo Novemba 1874 msafara wa Henry Morton Stanley uliondoka Bagamoyo ukiwa na mashua iitwayo Lady Alice, iliyokatwa vipande vipande. Trela lake lilikuwa mabega ya wapagazi. Walifika ufuo wa kusini wa ziwa mwishoni mwa Februari 1875, wakaiunganisha, na mwezi uliofuata ikaanza kulizunguka ziwa. Vitabu vingi humtaja Stanley tu. Mimi, kila nilipokuwa nikihangaika na trela letu, niliwafikiria wale wapagazi, ambao wengi wao walitoka Unguja na pwani, wakiongea lugha hii unayojifunza.

Basi na tuanze na trela, maana ndilo lililotuaibisha kwanza. Siku ya kuileta mashua nyumbani, kabla ya kufika Kajjansi, tulisikia harufu ya chuma kilichoungua. Gurudumu la kushoto lilikuwa linatoa moshi kitovuni. Beringi zilikuwa zimekula kutu hadi zikawa kama karanga zilizosagwa. Fundi wa barabarani alinieleza sababu, nami nakupa kama nilivyoipokea: ukifika ufukweni vitovu vimepata moto kwa mwendo wa barabarani, kisha ukavitumbukiza mara moja katika maji baridi, hewa iliyomo ndani husinyaa na kuvuta maji yapite kwenye mpira wa kuzuia. Maji yakiingia, grisi huharibika, na kutu huanza kazi yake usiku huohuo. Ndiyo maana mwenye trela la mashua husubiri vitovu vipoe kabla ya kulishusha. Tulibadilisha beringi za magurudumu yote mawili, tukajaza grisi mpya, na tangu siku ile ninalo kopo la grisi nyuma ya mlango wa jikoni.

Baada ya hapo tuliigeukia mashua yenyewe. Shika maneno haya. Sehemu ya mbele ya chombo huitwa omo. Ya nyuma huitwa tezi. Nguzo ya kubebea tanga ni mlingoti. Kamba ya kulitawala tanga, ile unayoivuta au kuilegeza upepo unapobadilika, ni demani. Usukani unaujua, lakini huenda hujui kwamba mpini wake unaoshikwa na nahodha huitwa kana. Chini kabisa, mahali ambapo maji yote yanayovuja hukusanyika, ni ngama. Ukisikia wazee wa pwani wakisema kwamba kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, ujue msemo huo ulitungwa na watu waliokwisha kukumba maji. Na chombo cha kukumbia maji hayo ni upo. Wanafunzi wangu hucheka nikiwaambia sentensi hii: “Upo upo?” Ni swali halali kabisa, na baharini ni swali la maana.

Tanga lilikuwa na madoa meusi ya ukungu, lakini kitambaa kilikuwa kizima. Kilichooza ni uzi. Jua huua mishono kabla ya kuua kitambaa. Ukiukwaruza mshono kwa kucha na uzi ukakatika, tanga zima linahitaji kushonwa upya. Kazi hiyo alitufanyia mshonaji wa maturubali, kwa cherehani nzito na uzi wa malori. Nyaya zinazoushikilia mlingoti tulizikagua kwa pamba. Unashika donge la pamba, unalipitisha polepole juu ya waya toka chini hadi juu. Penye unyuzi wa chuma uliokatika, pamba hunasa. Ilinasa mara mbili kwenye waya mmoja, tukaubadilisha. Usitumie kidole badala ya pamba. Nilitumia.

Sasa nifike kwenye tezi.

Mwezi wa Machi, usiku wa mvua, fenesi kubwa lilianguka kutoka mtini na kupiga tezi ya mashua. Asubuhi tulikuta rangi imepasuka, na chini ya rangi tukaona puti, ile wanayojazia mafundi wa magari kwenye bodi zilizobonyea. Mtu alikuwa amewahi kuziba kitu pale. Shemeji alisema tuzibe tena, tupake rangi, tuendelee. Nikanunua puti mimi mwenyewe. Nilipokuwa nikiipaka, nilibonyeza kwa kidole gumba na kuhisi ubao uliomo ndani unabonyea kama muhogo uliochemshwa. Nilijua maana yake. Tezi ndipo usukani unapofungwa. Nikaendelea kupaka, nikapiga msasa, nikapaka rangi, na jioni nikamwambia shemeji kwamba kazi imekamilika.

Kwa nini? Kwa sababu alikwisha kuwaalika majirani wanane waende nasi ziwani tarehe 3 Juni, Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, na watatu wao walikwisha kutoa mchango wa chakula. Kwa sababu fedha zilikuwa zimeisha. Na kwa sababu, ukitaka ukweli wote, nilipenda jinsi wapita njia walivyosimama getini kuitazama.

Mwezi wa Mei nilimwita fundi wa mitumbwi kutoka Kasenyi aje afunge vyuma vya usukani. Ni mzee ambaye maisha yake yote ameunda mitumbwi ya mbao. Faibaglasi si kazi yake, na alisema hivyo tangu mwanzo. Hakuuliza chochote. Aliomba kijiko. Mke wangu akamletea cha chai, naye akaanza kugonga mashua kuanzia omo, taratibu, sikio karibu. Sauti ilikuwa kavu na kali kote ubavuni. Alipofika kwenye tezi, sauti ikafifia, kama mtu anayegonga mto wa kulalia. Akachukua bisibisi, akabonyeza juu ya rangi yangu mpya, ikazama hadi mpinini. Alipoichomoa, maji ya rangi ya kahawa yakachuruzika.

“Mwalimu,” alisema, “hapa mpaka rangi amemaliza kazi. Fundi ndiye hajaanza.”

Shemeji alipokuja jioni tuligombana. Sitaki umwone kuwa mtu mbaya. Hoja zake zilikuwa na uzito. Yule mgeni ameitumia mashua hii miaka yote, alisema, mbona haijazama? Fundi yeyote ukimwita atakuta kazi, maana anatafuta riziki. Na watu wamekwisha kutoa fedha; tutawaambia nini? Nilimkumbusha tarehe 24 Novemba 2018, mashua ya starehe ilipozama ziwani upande wa wilaya ya Mukono na watu zaidi ya thelathini wakafa. Serikali ilieleza baadaye kwamba chombo kilikuwa kibovu, hakikuwa na leseni, na kilibeba watu kupita kiasi. Shemeji alikaa kimya kidogo, kisha akasema, “Wale hawakujua. Sisi tumeziba.”

Hapo ndipo nilipolazimika kumwambia kwamba mimi nilijua. Kwamba kidole changu kilihisi ubao uliooza, nami nikaufunika. Alinitazama kwa muda mrefu. Aliondoka bila kumuaga dada yake, na kwa siku tisa hakupiga simu.

Katika siku hizo tisa niliwazungukia majirani nikirudisha michango. Jirani mmoja aliuliza kwa upole, “Kwani mlitaka kutupeleka na mashua ileile?” Swali lile bado ninalo. Mwingine alicheka akasema wangepanda tu, kwani nani alijua? Nilimjibu kwamba ni mashua ya watu wanne, na sisi tulikuwa tumealika wanane. Jambo hilo pia, katika furaha yetu, hakuna aliyelihesabu.

Shemeji aliporudi, hatukuzungumzia puti. Alikuja na daftari. Yeye ni Muganda na mimi ni mtu wa Arua. Nyumbani Kiganda hunishinda nikikasirika, na Kilugbara yeye hakijui. Tuliandika kwa Kiswahili, akinisahihisha hesabu, nikimsahihisha sarufi. Mkataba una vifungu vinne. Cha kwanza kinasema nani ametoa kiasi gani. Cha pili kinasema mashua haitaingia majini kabla haijasajiliwa, kama sheria ya usafiri wa majini ya mwaka 2021 inavyotaka, na kwamba hapandi mtu asiyevaa jaketi la kuokolea. Kifungu cha tatu ni chake yeye: “Kila mmoja wetu anaweza kuizuia mashua isitoke, na siku hiyo hatadaiwa sababu.” Cha nne ni changu: “Mashua ikiuzwa, mnunuzi ataonyeshwa mahali palipokatwa.”

Tazama kitenzi katika kifungu cha tatu, “hatadaiwa”. Mwanzoni tuliandika “hataulizwa”. Shemeji alikataa. Alisema kuuliza si kosa. Kosa ni kumfanya mtu alipe jibu kabla hajawa tayari. Nimefundisha kauli ya kutendwa kwa miaka mingi, na sijapata mfano mzuri kuliko huo.

Ukarabati wenyewe ulichukua wiki saba. Tulikata ukuta wa ndani wa tezi kwa msumeno mdogo, tukang'oa plaiwudi iliyokuwa nyeusi na laini, ikitoka kwa kijiko. Kisha tukasubiri pakauke, na kusubiri huko kulikuwa kugumu kuliko kazi, kwa kuwa masika yalikuwa hayajaisha. Tulitandaza turubali juu ya matawi, tukaning'iniza balbu ndani usiku kucha, na kila asubuhi nilibonyeza kwa kidole kilekile. Ilipokauka tukachonga plaiwudi mpya isiyoharibiwa na maji, tukazipaka kingo zake rezini kwanza, kwa sababu maji huingilia kwenye kingo. Katika joto letu rezini haikupi nafasi: kikombe cha kwanza nilichokichanganya kilichemka mkononi, kikatoa moshi na kugeuka jiwe kabla sijachovya brashi. Changanya kidogo kidogo. Mzee wa Kasenyi alikuja mara tatu kutazama, akakataa malipo ya siku mbili akisema alikuwa anajifunza.

Tarehe 3 Juni tulikula pilau uani pamoja na majirani, mashua ikiwa imekatwa nyuma, kila mtu akiingiza kichwa kuona shimo.

Tuliishusha majini Jumamosi ya mwisho ya Julai, baada ya kusubiri nusu saa vitovu vya trela vipoe. Tulikuwa wawili tu. Alasiri upepo wa kutoka ziwani ulianza kuvuma kama kawaida ya kiangazi, tanga likajaa, na shemeji akashika kana. Usukani ulitii bila kutikisika. Maji kidogo yaliingia mahali pengine kabisa, katikati, penye ubao unaoshushwa chini kuizuia mashua isisukumwe ubavu. Nilitazama huku na huku.

“Upo upo?” nikauliza.

“Upo,” alijibu, akanirushia.

Jioni tulipoipandisha kwenye trela, nilikuwa nikifunga kamba za omo. Nikasikia mlio mdogo kutoka nyuma, mkavu, wa haraka. Shemeji alikuwa amechuchumaa penye tezi, sikio karibu na rangi, akigonga toka kushoto kwenda kulia, kisha akirudia. Hakunisemesha. Alipomaliza alikifuta kijiko kwa shati, akakitia mfukoni. Mke wangu bado anakiulizia.