Kitanda Nilichokichagua Mimi

Wahenga hawakukosea walipolonga kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini liko jambo moja ambalo wahenga hawa hawakunieleza, nalo ni kwamba kuna siku ambapo asiyesikia ni mmoja na anayevunjika ni mwingine. Msomaji mpendwa, keti kitako nikusimulie yaliyonipata, na ukiwa na ndugu mdogo nyumbani, tafadhali usome hadi mwisho.

Sisi tunaishi katika nyumba ya mabati yenye chumba kimoja, katika mtaa mmoja wa Eastlands hapa Nairobi. Pazia ndilo ukuta wetu. Upande wa ndani ni wa baba na mama, upande wa mlangoni ni jikoni, sebule na chumba cha kulala cha watoto, vyote kwa pamoja. Tumezaliwa watatu. Mimi ndimi kifungua mimba. Ananifuata dada yangu mwenye umri wa miaka kumi, kisha kitinda mimba wetu ambaye ana miaka mitano. Huyu wa mwisho tunamwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haujui Jumapili. Kwa miaka mingi tulilala sote watatu kwenye godoro moja sakafuni, tukipigana mateke usiku kucha kama punda.

Muhula wa kwanza mwaka huu, zamu ya mama ya kupokea pesa za chama ilifika. Alirudi nyumbani na shilingi 15,000 amezifunga kwenye pindo la leso. Baba ni mlinzi wa usiku, na mchana hulala. Alifungua jicho moja akasema, "Nendeni mkanunue kitanda cha ghorofa, kile cha dabo deka. Mchukue huyu msomi akusaidie kuchagua." Msomi ndiye mimi. Nilivimba kichwa kama andazi lililotiwa hamira.

Kwanza tulienda Gikomba kwa maseremala. Hapo tulimpata mzee mmoja mwenye penseli nyuma ya sikio. Alikuwa amesimamisha kitanda cha mbao kisichopakwa rangi.

"Karibu mama. Karibu kijana yangu. Mnatafuta kitanda cha nani?"

"Cha watoto, mzee," mama akajibu. "Dabo deka."

"Watoto wa miaka mingapi?"

Mama akamtajia.

"Huyu wa miaka mitano asilale juu. Na huko juu walale mmoja mmoja, si wawili. Godoro lenu ni la inchi ngapi?"

"La nane."

Mzee akatikisa kichwa. "Hilo liwekwe chini. Juu mtie jembamba. Godoro nene likiwekwa juu linameza ukingo, na ukingo ukimezwa ni kama haupo."

Kisha akakitikisa kile kitanda kwa mikono miwili. Hakikulia wala kuyumba. Akatuonyesha chaga zilizopigiliwa misumari, akatuonyesha kingo pande zote mbili, ule wa mbele na ule wa ukutani. Alitaka shilingi 14,500, akasema tukimpa 14,000 tutafunga bei. Mimi nilimwona mzee huyu kuwa na maswali mengi kama askari wa trafiki. Nilimvuta mama kanga, nikamnong'oneza kwamba tuangalie kwingine kwanza.

Sasa nitakuambia ukweli ambao sikumwambia mama siku hiyo. Viatu vyangu vya shule vilikuwa vimetoboka, hata mvua ikinyesha nilikuwa natembea na kidimbwi ndani. Tena wanafunzi wa Jiografia walikuwa wanalipia shilingi 2,500 za safari ya muhula wa pili ya kwenda Olkaria, karibu na Naivasha, kuona jinsi mvuke wa ardhini unavyozalisha umeme. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshapiga hesabu. Kitanda cha shilingi 14,000 kingeacha shilingi 1,000 tu. Hesabu hiyo haikunipendeza.

Karibu na mtaa wetu, kando ya barabara, kulikuwa na kibanda cha fundi wa kuchomelea. Nje yake kilisimama kitanda cha chuma, rangi ya samawati iking'aa juani. Fundi huyu hakuuliza watoto wala godoro. Aliuliza swali moja tu.

"Mama, mko na ngapi?"

Tulisikizana kwa 9,500. Mama alisita. Aliushika ukingo wa juu, akasema, "Mwanangu, mbona chuma hiki kimekaa chini hivi? Na upande wa ukutani mbona hakuna kitu?"

"Mama, upande huo kuna ukuta," nikamjibu. "Na kitanda ni kitanda. Angalia hata kinavyong'aa."

Mama aliniamini. Tulikipakia kwenye mkokoteni kwa shilingi 300. Pesa zilizobaki akanipa ninunue viatu vya shilingi 1,800 na nilipe safari. Nilirukaruka kwa furaha kama ndama aliyeshiba maziwa.

Usiku huo nikagawa vitanda mimi mwenyewe. Nilichukua cha chini, kwa sababu taa iko karibu na nilitaka kusoma nikiwa nimejinyoosha. Dada na Kasuku nikawapandisha juu pamoja, juu ya godoro la inchi nane, huku lile letu kuukuu la inchi nne nikililalia mimi. Kasuku alifurahi kupita kiasi. Alisema sasa yeye anakaa ghorofani kama watu wa mjini. Ukingo wa juu ulikuwa inchi tisa kutoka kwenye chaga. Nane zikachukuliwa na godoro. Iliyobaki kumzuia mtoto ilikuwa inchi moja. Mimi nasoma Hisabati, tena napata alama nzuri, lakini hesabu hiyo ya kutoa sikuifanya.

Siku tisa zilipita salama. Usiku wa kumi nilishtushwa na kishindo, pu! Halafu kimya. Kimya kile ndicho kilichoniogopesha zaidi, kwa kuwa Kasuku si mtu wa kunyamaza. Niliwasha taa nikamwona sakafuni juu ya saruji, macho yamemtoka, mdomo wazi, sauti haitoki. Kisha ikatoka. Msomaji, mlio ule bado ninao masikioni.

Mama alimfunga kwa leso, tukatoka usiku ule ule kutafuta hospitali. Kule alipigwa picha ya eksirei. Mfupa wa mtulinga, huu ulio kati ya shingo na bega, ulikuwa umevunjika. Daktari alimfunga mkono kwa kitambaa kilichoning'inia shingoni, akatuambia kuwa mifupa ya watoto huunga upesi, na baada ya wiki kadhaa atakuwa sawa. Kisha akauliza, "Alianguka kutoka juu kiasi gani?" Mama akasema kama futi tano. Daktari akamwangalia Kasuku, akasema, "Mshukuru Mungu hakuanza na kichwa."

Nilikaa kwenye benchi nikitazama chini. Na nilipotazama chini nikaona viatu vyangu vipya. Nilitamani kuvivua.

Baba aliturudia asubuhi akiwa bado na sare za kazi. Alimtazama Kasuku aliyelala, akakitazama kitanda, akapitisha kiganja juu ya ule ukingo. Kiganja hakikugusa ukingo. Kilipita juu ya godoro moja kwa moja.

"Nani alichagua kitanda hiki?" akauliza polepole.

"Ni mimi," mama akasema.

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Mama alikuwa amekiona kile chuma kabla yangu. Alikuwa ameuliza, na mimi ndiye niliyemjibu. Sasa alikuwa anabeba mzigo wangu mbele ya baba. Machozi yalinitoka, nikasema, "Baba, si mama. Ni mimi. Nilitaka kitanda cha bei nafuu ili nibakishiwe pesa za viatu na safari." Nilingoja kiboko. Baba hakunipiga. Alisema tu, "Basi wewe ndiye utakayekitengeneza," akavua viatu vyake akalala.

Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Nilienda kwa mwalimu wa Jiografia nikamwomba anirudishie zile shilingi 2,500. Alipouliza sababu nilimweleza. Habari zikamfikia mwalimu mlezi wa chama chetu cha Kiswahili, naye akanisaidia kutafuta maelezo kuhusu vitanda hivi. Hapo ndipo nilipotambua kwamba lile nililodhani ni jambo la maseremala tu lina sheria katika nchi nyingine. Huko Marekani kanuni ilitolewa mwaka wa 1999. Inataka ukingo wa juu uwe umepita uso wa godoro kwa inchi tano au zaidi, yaani kama sentimita 13, na nafasi kati ya kingo isizidi inchi tatu na nusu, mwili wa mtoto usije ukapenya kichwa kikabaki. Ukingo wa upande wa ukutani nao ni lazima, kwa maana kati ya kitanda na ukuta ndipo mtoto anapoweza kunasa. Kitanda chenyewe sharti kiwe na onyo kwamba mtoto wa chini ya miaka sita asilale juu. Kule Ulaya kipimo chao cha ukingo ni kikubwa zaidi, sentimita 16 kutoka juu ya godoro. Na hapa kwetu, mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 unataka vitanda vya bwenini viachane kwa mita 1.2, ili watoto wapate njia ya kutokea.

Niliposoma hayo yote nilimkumbuka mzee wa penseli. Alikuwa amenieleza karibu yote bure, Gikomba, na nikamwita askari wa trafiki.

Tulikipeleka kitanda kwa fundi mwingine. Safari hii nilienda na futikamba na daftari. Nilimwomba aongeze vyuma viwili mbele, kimoja cha kuziba pengo katikati na kingine cha kuinua ukingo, na aweke vivyo hivyo upande wa ukutani. Nilimwomba apige tupa penye maungio yote yenye ncha, maana dada alishakwaruzwa paja. Ngazi ilikuwa ya nondo za mviringo zinazoumiza nyayo, akaziwekea vibao bapa. Chaga zilikuwa zimelazwa tu, nyingine zimeanza kuteleza. Tulizitoboa tukazifunga kwa nati, kwa sababu zikitoka, anayeumia ni yule wa chini. Kazi yote ilikuwa shilingi 1,600. Zile 900 zilizobaki nilimpa mama.

Godoro la inchi nane tulilishusha, lile la nne likapanda. Kitanda tukakisogeza pembeni kisizibe njia ya mlango. Sasa Kasuku na dada wanalala chini, mmoja kichwa chake kiko mchagoni na mwingine miguuni. Mimi ndiye niliye juu, peke yangu. Starehe ya huku si kubwa, sitakudanganya. Mabati yako karibu, mchana ni tanuri na alfajiri ni barafu, na nikiketi nakunja shingo kidogo nisijigonge. Chandarua tulikifunga darini, si kwenye kitanda. Kamba na leso hatuning'inizi kabisa kwenye kingo, zisije zikamnyonga mtoto anayecheza. Kila mwisho wa mwezi ninachukua spana nakaza nati, kwa kuwa kitanda hulegea polepole bila ya kumwambia mtu.

Safari ya Olkaria ilienda bila mimi. Wenzangu walirudi wakisimulia mvuke unavyonguruma. Niliumia, lakini si kama Kasuku alivyoumia. Mkono wake ulipofunguliwa, neno lake la kwanza lilikuwa, "Sasa naweza kurudi ghorofani?" Nilimwambia subiri uanze darasa la kwanza, tena tutapima kwanza.

Juzi jirani mmoja alipata pesa za kununulia watoto wake kitanda. Alimwambia mama, "Niazime huyo kijana wako mwenye tepu." Nilienda naye mpaka Gikomba kwa yule mzee. Alinitambua. Akauliza, "Kijana yangu, leo unatafuta kitanda cha nani?"

Nilimjibu kwa adabu, "Mzee, ni cha watoto wawili. Mmoja ana miaka saba, mwingine mitatu. Godoro la juu ni la inchi nne."

Mzee alicheka, akachomoa penseli yake.

Enyi wenzangu, vyote ving'aavyo si dhahabu. Ukitumwa kuchagua kitanda cha mtoto, usianze kuangalia rangi wala kilichobaki mfukoni. Anza na mtoto mwenyewe, ana miaka mingapi, atalala wapi, godoro lake ni nene kiasi gani. Fundi asiyekuuliza maswali hayo, mshukuru umwage. Nawe ukiulizwa, usimvute mama kanga.