Chumvi ya Shangazi

Limo katika lugha yetu neno moja lililonitia aibu, nami naona si vibaya kulieleza mbele ya wasomi wenzangu. Neno lenyewe ni madini joto. Ndivyo iodini inavyoitwa katika mabango ya afya na juu ya mifuko ya chumvi katika Tanzania. Kazi yangu mimi ni kupima maneno, walakini hili sikulipima.

Shangazi yangu alikuwa na majaruba ya chumvi kando ya mikoko, katika pwani ya kisiwa cha Pemba. Maji ya bamvua yaliingia, mlango ukazibwa kwa udongo, jua likafanya kazi yake, na baada ya siku kadhaa chumvi ikakusanywa na kutiwa makandani. Shingoni alikuwa na rovu lenye ukubwa wa ndimu, ambalo alilihesabu kuwa sehemu ya umbo lake kama ilivyokuwa pua yake. Mama yake naye alikuwa nalo. Mwaka wa 2008, binti yake alipochukua mimba, shangazi alisikia redioni kwamba mwenye mimba asikose chumvi yenye madini joto. Nilipofika likizoni akaniuliza, "Weye ndiwe uliyesoma. Hii chumvi yangu inayo hayo madini joto?"

Nilimjibu bila kusita. Nilisema kwamba chumvi ya bahari haiwezi kuikosa iodini, kwa kuwa samaki wanayo na mwani unayo, sembuse chumvi yenyewe. Shangazi alifurahi, akaongeza hoja yake ambayo, kwa kufuata neno lilivyo, ilikuwa bora kuliko yangu: kitu kilichokaa juani mchana kutwa kitakosaje joto?

Sikuwa na haki ya kukosea hivyo, maana nilikwisha kosea namna ile ile nikiwa shuleni. Katika somo la kemia tulipewa unga mweupe usio na jina, tukaambiwa tulitafute jina lake. Chumvi yo yote ikiyeyuka majini hugawanyika sehemu mbili, moja yenye umeme chanya na moja yenye umeme hasi. Hiyo ya pili ndiyo anioni, nayo hutambuliwa kwa kuchokozwa. Ukitia nitreti ya fedha, kloridi hutoa mashapo meupe mazito kama maziwa yaliyoganda, nayo huyeyuka katika amonia. Ukitia kloridi ya bari, salfeti hutoa mashapo meupe ambayo asidi haiyawezi. Nitreti hufanyiwa jambo la kupendeza kuliko yote: salfeti ya chuma huchanganywa nayo, kisha asidi kali ya salfuri humiminwa polepole ubavuni mwa neli ya kioo, na mahali maji mawili yanapokutana hutokea pete ya rangi ya kahawia. Haya yote tuliyakariri kwa Kiingereza, sentensi nzima nzima, na wengine wetu tuliziandika sentensi kabla ya kuitazama neli.

Siku ile nilitia nitreti ya fedha, nikaona weupe, nikaandika kloridi. Nilikuwa nimeacha hatua ya kwanza, yaani kutia asidi ya nitriki. Hatua hiyo ina sababu yake. Kaboneti nayo huleta mashapo na fedha, weupe wake ukielekea unjano. Lakini kaboneti ikipata asidi hutoa povu, na hewa yake huyageuza maji safi ya chokaa kuwa kama tui. Anayeanza na asidi humwondoa shahidi wa uwongo kabla ya kesi kusikilizwa. Unga wangu ulikuwa kaboneti. Mwalimu alichora mstari mwekundu chini ya jibu langu, akaandika neno moja: "Uliona?"

Basi wiki moja baada ya mazungumzo yetu, alikuja kumtazama shangazi kijana wa jamaa zetu aliyefanya kazi katika mambo ya afya. Mkobani mwake mlikuwa na kichupa kidogo cha kupimia chumvi. Shangazi mwenyewe alileta kifuu kilichojaa chumvi yake, kwa fahari, akakiweka mkekani.

Kichupa kile kilikuwa na wanga, iodidi ya potasi na asidi kidogo. Kinachotiwa katika chumvi ya dukani aghalabu ni iodeti, anioni iliyoungana kwa iodini na oksijeni. Iodeti ikikutana na iodidi penye asidi, iodini huachwa huru; nayo ikishikana na wanga hutoa buluu iliyokoza kama nili ya kufulia. Kijana aliangusha tone moja. Hapakutokea rangi. Akasema yamkini chumvi hii ina magadi yanayoimaliza asidi ya dawa, akaitia kwanza tone la asidi kutoka kichupa cha pili, kisha akarudia. Weupe ulibaki weupe.

"Ndiyo kusema chumvi yangu si chumvi?" akauliza shangazi. Hakumtazama kijana. Alinitazama mimi.

Ilikuwa chumvi, tena nzuri. Nitreti ya fedha ingalishuhudia hivyo kwa tone moja. Lakini kila dawa huulizwa swali moja tu, na swali la siku ile halikuwa kloridi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi, na iodini ya mikrogramu 60 hivi. Kilo moja ya chumvi, basi, hutoka katika lita zisizopungua 28, na hata iodini yote ingalibaki humo isingalifika miligramu 2; nayo haibaki yote, maana sehemu kubwa huondoka na maji machungu yanayomwagwa mwishoni. Wakati ule Shirika la Afya Duniani lilitaka miligramu 20 hadi 40 katika kilo. Mwani ndio unaoikusanya iodini, ndiyo maana Bernard Courtois aliigundua katika majivu ya mwani huko Ufaransa mwaka wa 1811. Nilichukua sifa ya mwani nikaivika chumvi.

Si mimi peke yangu niliyedhani hivyo. Tanzania Bara ilipoanza siasa ya kutia iodini katika chumvi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa Zanzibar jambo hilo halikuonekana la lazima, kwa kudhaniwa kwamba vyakula vya baharini vinatosha. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2006 ulikuta rovu kwa watoto wa shule 32 katika kila 100 wa Pemba, na nyumba zenye chumvi iliyotiwa iodini zilikuwa moja tu katika kila 100. Unguja nyumba hizo zilizidi 63. Maandishi hayo yalikuwa yamekwisha toka miaka miwili kabla sijamjibu shangazi.

Nilimwambia kwamba nilikosea, na kwamba joto la neno lile si joto la jua. Alinyamaza kitambo. Kisha alimtuma mtoto dukani alete mfuko wa chumvi, akamwamuru kijana aupime nao, "maana maneno ya mfukoni ni maneno tu." Tone likaanguka, na buluu ikatokea, si ya kukoza sana, lakini buluu. Shangazi aliinama akaitazama kwa karibu.

"Na rangi hii huingia chunguni?"

"La, shangazi. Rangi ni ya dawa."

Nilipoondoka Pemba palikuwa na makopo mawili juu ya rafu ya jikoni. Moja lilikuwa la chumvi ya majaruba, kwa kukaushia samaki na kwa kuuzia watu. La pili, la chungu cha binti yake, alilifunga uzi wa buluu shingoni, naye hakumweleza jirani ye yote maana ya uzi ule.