Daftari la Matanga

Babu alipofariki mwaka 1994 kule Uriri, matanga yalikaa karibu mwezi mzima. Moto wa magenga uliwashwa uani kwa gogo zima, na wajukuu tukatandikiwa nyasi kavu nyuma ya nyumba, wa Migori na wa Homa Bay tukabanana kama omena kwenye debe. Siku ya tero buru wanaume walishika mikuki wakawakimbiza ng'ombe hadi mwisho wa kijiji kukifukuza kifo. Sisi watoto tuliwafuata nyuma, tukimeza vumbi na kucheka, mpaka shangazi akatukemea: aliyekufa ni babu yenu, si wa jirani!

Mwaka huu tumemzika nyanya. Usiku wa kuamkia mazishi, baba mdogo alitoa sandukuni daftari la shule, jalada lake limeliwa na mende pembeni. Lilikuwa la michango ya matanga ya babu. Tukalisoma kwa mwanga wa simu. "Wakwe, Kendu Bay: omena debe moja, mahindi gorogoro nne." "Akina mama wa Kanyada: jogoo wawili, mmoja ametoroka." "Kanisa: sukari kilo 4, nyimbo usiku kucha." "Wa Shirati: fahali, amevushwa Muhuru." Huyo fahali wa ng'ambo ya mpaka, Tanzania, namkumbuka. Alifika amechoka kuliko wafiwa.

Mchango wa nyanya uliandikwa kwenye kundi la WhatsApp: namba, jina, kiasi, alama ya tiki. M-Pesa ilipoingia mwaka 2007 ilituondolea taabu kubwa, sikatai. Aliye Doha au Nairobi hutoa mkono wa pole kabla chai haijapoa. Ila nilijua kuwa mtoto wa shangazi ametuma elfu tano kabla sijajua kuwa ana mapacha, tena wameshaanza shule. Nilipomkuta chini ya hema sikumtambua. Yeye ndiye aliyenitambua, akaniita kwa jina la utotoni ambalo sitaliandika hapa.

Safari hii wazee walibishana kidogo tu kuhusu tarehe. Zamani mwili ungesubiri mpaka kila mtoto afike, na mochari ikihesabu siku. Lakini mwanasiasa Raila Odinga, tuliyemwita Baba, alipofariki Oktoba 15, 2025, aliacha wasia azikwe ndani ya saa 72, na tarehe 19 alikuwa ameshazikwa Bondo. Tangu hapo mzee akitaka kuvuta siku hujibiwa, "Hata Baba alizikwa haraka." Kabla ya hapo ilikuwa korona, mwaka 2020, watu wasiozidi 15 mazishini na polisi wakichungulia. Tulilalamika sana, kisha tukagundua kwamba inawezekana.

Na ilikuwa lazima iwezekane. Matanga ya babu yalimwachia nyanya ghala tupu, zizi la kuhesabika kwa vidole, na deni la duka lililomfuata hadi mavuno ya pili. Anayezisifu siku zile asisahau nani alibaki kuosha sufuria.

Hata hivyo, mwezi ule ndio uliotufanya ndugu. Tulichota maji pamoja, tukapigana, tukasuluhishwa. Tulikwenda barabarani Awendo kuchomoa miwa kwenye trekta za kiwanda, tukafundishwa na wenzetu wa kijiji jinsi ya kuruka kabla dereva hajageuka. Safari hii wengi walilala lojingi za Rongo na Migori mjini, wakafika saa tatu asubuhi wamevaa fulana zenye picha ya nyanya. Wanasiasa wakala maikrofoni. Wajukuu tukapewa dakika za kusoma wasifu uliokwisha kuchapwa kwenye kijitabu, na saa kumi magari yakaanza kugeuzwa.

Watoto wa Shirati walipita wakimwamkia kila mtu shikamoo. Wetu wa Nairobi wakawajibu "poa". Kicheko kilichofuata kilinirudisha kwenye nyasi kavu, lakini ndicho kipindi kirefu kuliko vyote ambacho watoto hao walikaa pamoja, na hakikumaliza hata soda.

Kaburi lilikuwa limechimbwa usiku uliotangulia, upande wa kushoto wa nyumba, kama ilivyo kwa mwanamke. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa mmoja wa wale wachomoaji miwa, sasa fundi mwashi, mvi kidevuni. Alinipa sepetu bila salamu. Nilipotupa udongo mara chache na kuanza kuhema, akaipokea.

"Omera, Nairobi inakulisha nini?"

Tukaketi kwenye rundo la matofali. Akanitajia wenzetu mmoja mmoja: huyu yuko migodini Macalder, yule anavua Mbita, wengine wawili wamezikwa na ni yeye aliyewajengea. "Wewe hukuja," akasema, kama anayesoma daftari.

Siku chache baada ya mazishi mweka hazina alituma hesabu. Kulikuwa na salio. Watu wakaanza kuaga na kujitoa kwenye kundi. Ndipo binamu wa Shirati akaandika: kwa nini tusitumie pesa hizi kukutana Agosti, Muhuru, tule samaki bila jeneza? Madole gumba yalimiminika, langu likiwamo. Mtu akauliza nani atapanga. Bado swali hilo ndilo ujumbe wa mwisho kwenye kundi.